Kundi lisilo na jike

Ilipokaribia saa tano na nusu asubuhi, watu walikuwa wamekwisha kujipanga pande zote mbili za East Exchange Avenue. Watoto walikaa mbele, ukingoni mwa barabara, wazazi nyuma yao wameinua simu. Nilicheka kimoyomoyo. Kwetu ng'ombe hasubiriwi, anakukuta. Uko ndani ya basi kati ya Gairo na Kibaigwa, dereva anakanyaga breki, kundi linavuka kwa nafasi yake, na kijana mwenye fimbo hata hageuki kukutazama. Hapa Fort Worth, Texas, ng'ombe wana ratiba. Wanapita saa tano na nusu, halafu saa kumi jioni, siku zote hali ya hewa ikiruhusu, isipokuwa Pasaka, Krismasi na ile sikukuu yao ya Shukrani. Na walifika kwa saa yao. Kuna mabasi ya mikoani yangejifunza kitu.

Walikuwa maksai kumi na kitu wa aina ya Longhorn, wekundu, weupe, wa madoa na wa mabaka, pembe zimetanda kando kama mtu aliyenyoosha mikono msalabani. Kwa wengine, kutoka ncha hadi ncha ni zaidi ya mita mbili. Mbele, pembeni na nyuma yao walipanda farasi waswagaji waliovaa mavazi ya miaka ya 1880. Hakuna aliyepiga mluzi wala kuinua mjeledi. Maksai walitembea juu ya matofali taratibu, kwato zikigonga, wakipita mbele ya maduka ya kofia na buti kama wazee wanaotoka swala ya Ijumaa. Dakika chache tu, kikabaki kinyesi barabarani na watoto wanaouliza kama wanaweza kwenda kula.

Nilikuwa na dada yangu anayeishi huko, na jirani yake, mzee mmoja aliyekuja Texas kama mkimbizi kutoka Kivu Kusini. Mzee huyo alikuwa na ng'ombe zake huko nyumbani. Alitazama mpaka mkia wa mwisho ulipopotea, akamgeukia dada: "Hizi ng'ombe ziko zinaenda wapi?"

"Haziendi mahali, papa. Zinapita tu, halafu zinarudi zizini."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Sijui kama alisikitika au alistaajabu. Mimi swali lake limenikaa, kwa sababu nimesoma mengi juu ya maonyesho haya na sijaona mahali lilipoulizwa waziwazi. Ng'ombe wa kuswagwa ana mahali anakokwenda. Mwisho wa njia yupo mtu mwenye fedha. Ukiondoa mwisho huo, umebakiza matembezi.

Turudi nyuma kidogo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe wengi kuliko wanunuzi. Dume la dola 4 hivi kusini liliweza kufika hata dola 40 kwenye masoko ya kaskazini. Tofauti hiyo ya bei ndiyo iliyowaamsha watu na kuwapandisha farasi, wala tusidanganywe na machweo ya jua na gitaa. Mwaka 1867 mfanyabiashara Joseph McCoy alijenga mazizi kando ya reli katika kijiji cha Abilene, Kansas, na njia ya kwenda huko ikaitwa kwa jina la Jesse Chisholm, mchuuzi ambaye mama yake alikuwa Mcherokee, mmoja wa mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani. Kundi moja lilikuwa na ng'ombe 2,500 hivi na vijana kumi au kumi na wawili, mpishi na gari lake la chakula, na farasi wa kubadilisha. Walikwenda kilomita 16 hadi 24 kwa siku, kwa miezi miwili au mitatu, kwa mshahara wa dola 30 au 40 kwa mwezi. Usiku walizunguka kundi wakiimba ili lisishtuke. Radi moja ilitosha kulitimua kundi zima gizani, na mtu akianguka chini ya kwato hizo, kilichobaki ni kuchimba kaburi.

Fort Worth, ngome ya jeshi iliyoanzishwa mwaka 1849, ilikuwa kituo kikubwa cha mwisho cha kununua unga, kahawa na risasi kabla ya kuingia nchi ya Wahindi Wekundu, Oklahoma ya leo. Huko mataifa yenye ardhi yalidai ushuru wa senti kadhaa kwa kila kichwa. Wenyeji wa mji huhesabu ng'ombe zaidi ya milioni 4 waliopita hapa kati ya 1866 na 1890.

Sasa itazame hiyo barabara ya matofali. Njia ya Chisholm ilikuwa hai kwa miaka chini ya 20. Katikati ya miaka ya 1880 ilikuwa imekufa. Mazizi ya soko la mifugo la mtaa huu yalianza mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1880. Mwaka 1893 yalinunuliwa na Greenlief Simpson, tajiri kutoka Boston. Mwaka 1902 makampuni ya nyama ya Armour na Swift yakaanza kujenga viwanda vyao, na jengo la Livestock Exchange, ambalo watalii hukaa kwenye bustani yake kungojea kundi, ni la wakati huohuo. Yaani safari zile kuu za kwenda Kansas zilikuwa zimekwisha kabla mazizi haya hayajajengwa. Biashara ya East Exchange Avenue ilijengwa juu ya ng'ombe walioletwa na treni. Reli ilifika Fort Worth tarehe 19 Julai 1876, baada ya wananchi wenyewe kutoka kwenda kusaidia kuitandaza, na hiyo reli ndiyo iliyofanya kuswaga kuwa kazi ya kijinga. Mtaa huu ulitajirika kwa kifo cha kile kitu unachokionyesha mara mbili kwa siku. Ni kama kufanya tamasha la majahazi kwenye gati ya kontena.

Silisemi hili kwa kejeli. Ndiyo sehemu ya habari inayonivutia zaidi, na laiti mtaa wenyewe ungeisimulia kwa sauti kubwa zaidi.

Wauaji wa safari zile walikuwa watatu. Reli nimeitaja. Wa pili ni seng'enge: Joseph Glidden alipata hataza ya waya wake wa miiba mwaka 1874, na katika miaka michache nyika iliyokuwa wazi ikagawanywa vipande vyenye wenyewe. Wa tatu ndiye ninayetaka kukaa naye, maana sisi tunamfahamu vizuri kuliko Wamarekani wa leo. Ni kupe.

Ng'ombe wa Texas walikuwa wamezoea ugonjwa ambao haukuwaua wao, bali uliwaua ng'ombe wa kila mkulima waliyempitia. Hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 1866 wakulima wa Missouri walitoka na bunduki kuyazuia makundi kutoka kusini, na hiyo ni sababu mojawapo njia ikasogezwa magharibi hadi Kansas. Kansas nayo iliendelea kusogeza mpaka wa karantini kadiri wakulima walivyoongezeka, na mwaka 1885 ikapitisha sheria ya kuwafungia ng'ombe wa Texas. Wenye ng'ombe wa Texas waliona ni njama tu: wanyama wetu ni wazima, tazama wanavyong'aa, mnatuonea wivu. Kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kijiji kati ya wakulima na wafugaji anaijua sauti hiyo.

Wote wawili walikuwa na haki kwa namna yake. Mwaka 1893 watafiti Theobald Smith na Frederick Kilborne walichapisha uthibitisho kwamba kupe ndiye aliyekuwa akipokeza kijidudu cha Babesia, yule anayemfanya ng'ombe akojoe mkojo mwekundu. Huo ni mmoja wa uthibitisho wa kwanza kabisa duniani wa ugonjwa kubebwa na kiumbe anayenyonya damu, miaka minne kabla ya daktari Ronald Ross kumkuta mdudu wa malaria ndani ya mbu. Ng'ombe wa Texas walikuwa wazima kweli, na walikuwa wanaua kweli. Marekani ikaanza kampeni ya kufuta kupe mwaka 1906, majosho yakachimbwa kila mahali, na kufikia 1943 ikatangaza ushindi, isipokuwa ukanda mwembamba wa mpaka wa Texas na Mexico ambako doria inaendelea hadi leo. Sisi bado tunazika ndama kwa ndigana kali, tunaoletewa na kupe mwingine, yule wa kahawia wa masikioni, na josho la kijiji likikosa dawa miezi mitatu kila mtu anajua nini kinafuata.

Kwenye maonyesho kupe hayupo. Ni sawa, nani atalipa nauli kuja kutazama kupe. Lakini bila yeye huwezi kueleza kwa nini njia ilipita ilikopita, wala kwa nini ilikoma.

Aliyepo kwa kiasi, na ukitafuta utamwona, ni mtu mweusi. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba takriban mmoja kati ya wanne waliofanya kazi kwenye njia zile alikuwa mweusi, wengi wao wakiwa watu waliozaliwa utumwani. Wamexico walikuwa wengi pia, na kazi yenyewe ni ya kwao. Kamba, tandiko, namna ya kumzungusha ng'ombe na majina ya vifaa vilitoka kwa wachungaji wa Mexico waliosema Kihispania. Neno lenyewe tunalotumia Kongwa na Ruvu, ranchi, lilianza kama rancho, likapita kwenye mdomo wa Mwingereza, likatufikia. Bose Ikard alizaliwa mtumwa, akawa mtu aliyeaminiwa kuliko wote na Charles Goodnight, mwenye ng'ombe mashuhuri wa Texas, hata fedha za mauzo alizibeba yeye. Amezikwa Weatherford, karibu kilomita 50 magharibi mwa hapa. Bill Pickett, mwana wa watu waliokuwa watumwa, aliyebuni mchezo wa kumrukia dume kutoka mgongoni mwa farasi na kumwangusha kwa pembe, ana sanamu yake mtaani hapa, karibu na ukumbi wa mashindano uliojengwa mwaka 1908. Watoto wanaipanda kupigia picha. Wazazi niliowaona wakisimama kusoma walikuwa wachache.

Yupo pia Quanah Parker kwa sanamu, kiongozi wa Wacomanche, taifa jingine la wenyeji wa asili. Watu wake walishindwa vitani mwaka 1874 na 1875, nyati wao wakamalizwa, wakahamishiwa hifadhi waliyopangiwa. Baadaye alikodisha majani ya hifadhi hiyo kwa wenye ng'ombe wa Texas, akawa mgeni anayekaribishwa mjini. Ukisoma habari zake ukiwa umekua na simulizi za mikataba ya Wamasai na Waingereza ya 1904 na 1911, iliyowahamisha kutoka malisho yao, huhitaji mkalimani.

Na ng'ombe wa kweli wa Texas wako wapi leo? Jimbo hili lina zaidi ya milioni 10, halishindwi na jimbo lolote. Hawaonekani. Wako nyuma ya seng'enge, kwenye mazizi makubwa ya kunenepeshea huko kaskazini kuzunguka Amarillo, na ndani ya malori usiku. Mtaani hapa kilele cha biashara kilikuwa 1944, mifugo zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja, nguruwe na kondoo wakihesabiwa. Halafu malori na minada ya mikoani vikala soko. Armour alifunga kiwanda mwaka 1962, Swift mwaka 1971. Mwaka 1976 mtaa ukawekwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Miaka mitano tu kutoka kisu cha mwisho hadi kibao cha kumbukumbu. Kuanzia miaka ya 1980 kampuni ya minada iliyokuwa na ofisi hapahapa ikaanza kuuza ng'ombe kwa picha za setilaiti: mnunuzi anatazama skrini, dalali anapiga nyundo, na ng'ombe yuko malishoni mamia ya kilomita mbali, hajui kwamba ameuzwa. Hili kundi la maksai lilianzishwa mwaka 1999, mji ulipotimiza miaka 150, kama mradi wa mji wenyewe.

Kwa hiyo kwa muda mrefu ng'ombe waliouzwa hapa hawakutembea, na wanaotembea hapa hawauzwi.

Onyesho ni bure. Kofia si bure. Mazizi ya farasi na nyumbu yaliyojengwa upya mwaka 1912 baada ya moto, ambako majeshi ya Ulaya yalikuja kununua wanyama wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, leo ni maduka na migahawa. Mji umegundua kwamba maksai kumi na kitu wasiouzwa wanaweza kuingiza fedha mtaani bila kuchinjwa. Sioni aibu yoyote hapo. Waswagaji wale wana ajira, wanyama wananenepa, mtoto wa ghorofani anaona kwato kwa macho yake.

Nilijiuliza ningependa nini kwa Kawe. Dar es Salaam tulikuwa na Tanganyika Packers, kiwanda cha nyama ya kopo. Ng'ombe wa bara waliletwa pwani, wakachinjwa, wakatiwa kwenye makopo, wakapelekwa ng'ambo. Kiwanda kilikufa. Jina likabaki kwenye uwanja wa mikutano ya injili na matamasha, na vijana wengi wanaolitaja kila wiki hawajui kwamba lilihusu nyama. Hakuna kibao kinachoeleza nani alifanya kazi pale, wala ng'ombe walitoka wapi, wala njia zile za mifugo na vituo vya kuwapumzisha njiani viliishia wapi. Ukinilazimisha kuchagua kati ya usahaulifu wa Kawe na maigizo ya Fort Worth, nachukua maigizo, mradi mtu aniachie nafasi ya kuyabishia.

Ninachoogopa ni kuigwa kwa nusu. Hapa kwetu kuswaga bado ni kazi. Mtu anatoka na kundi lake siku tatu kwenda mnadani akiwa na kibali mfukoni na hereni masikioni mwa ng'ombe, akikamatwa upande wa hifadhi anatozwa faini kwa kila kichwa, na ukame mkubwa ukija, Wamasai wanaingiza mifugo mpaka ndani ya Nairobi kutafuta majani kando ya barabara, madereva wanapiga honi kwa hasira. Hao hakuna anayewasubiri na simu. Mgeni hushangilia ng'ombe asiyedai chochote: hataki maji, hataki majani, hana mpaka anaovuka. Siku serikali fulani ya kwetu itakapowapanga Wamasai na ndama wao kupita mbele ya hoteli saa kumi jioni, huku wenzao wako mahakamani kwa kosa la kupita, nitakumbuka matofali yale.

Kuna namna nyingine. Nyanza, Rwanda, kwenye makumbusho ya jumba la mfalme, wapo ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu zinazopanda juu kama kinubi. Mchungaji wao huwaimbia akiwasifu kwa majina yao. Nao ni wa maonyesho, na mgeni analipia. Lakini ni majike, wanazaa, na sifa anazowaimbia ni za ushairi ambao familia za nje ya makumbusho bado zinautumia siku ya kukabidhiana ng'ombe wa mahari.

Tofauti hiyo nilionyeshwa na mjomba wangu wa Kongwa, nilipomtumia video ya Fort Worth kwenye simu. Alipiga jioni ile ile. Nilitarajia ashangae pembe. Hakuzitaja.

"Mpwa wangu, nimeirudia mara tatu. Majike wako wapi?"

"Hakuna, mjomba. Wote ni maksai."

"Wote?"

"Wote."

Akanyamaza kidogo. "Na ndama wao wanachungwa upande gani?" Alishajua jibu, alitaka kulisikia. Nikamweleza kwamba maksai ni wapole, hawagombani mbele ya watoto, na pembe zao hurefuka kuliko za fahali. Yote ni kweli. Mjomba alisikiliza kama anavyosikiliza bwana mifugo kijana.

"Hilo si kundi," akasema. "Hao ni wazee wa baraza." Kisha akauliza, kama ambavyo kila mfugaji angeuliza, mmoja wao anakwenda bei gani.

"Hawauzwi, mjomba."

"Sasa wanatembea kwa ajili ya nani?"

Nikamwambia kwa ajili yetu sisi tuliosimama pembeni. Akacheka, akaniuliza kama huko nako mvua zimechelewa, akaniambia kwamba lambo la kwao lilikuwa limebaki tope na kwamba kesho yake alfajiri wangeanza kuwaswaga kuelekea mtoni.